Mtoto amepata chuo kusoma baiolojia: mjue nini kabla ya kuuza ng'ombe?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, ujumbe unaoingia studio kwetu hubadilika. Salamu zinapungua, maswali yanaongezeka. Swali linalojirudia kutoka kwa wazazi wa Rungwe na Busokelo ni hili: mtoto amepata nafasi katika chuo kikuu kidogo kusoma baiolojia, au baiolojia na tiba. Je, atatoka daktari?

Swali hili ni zito. Nyuma yake kuna ng'ombe atakayeuzwa au shamba la parachichi litakalokodishwa. Katika makala hii tunaeleza masomo hayo ni nini, yanafungua milango gani, na mambo ya kuuliza kabla fedha haijatoka nyumbani.

Masomo haya ni nini hasa?

Baiolojia ni elimu ya viumbe hai: mimea, wanyama, wadudu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Baiolojia ya tiba huchukua elimu hiyo na kuielekeza kwenye mwili wa binadamu na magonjwa yake. Hapa kwetu tuna mfano wa kila moja.

Mfano wa kwanza ni usubi. Wengi wetu tumemeza dawa yake inapogawiwa vijijini. Ugonjwa huu huletwa na minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi, wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi kama mito yetu. Mtaalamu wa maabara huchukua kipande kidogo sana cha ngozi, hukiweka kwenye maji ya chumvi, kisha huangalia kwa hadubini kama kuna vijinyoo vinavyotoka. Dawa yenyewe, ivermectin, ilitokana na bakteria waliopatikana kwenye udongo wa Japani. Watafiti wake wawili, Satoshi Ōmura na William Campbell, walishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo huua watoto wa minyoo, lakini haiui minyoo mikubwa, ambayo huweza kuishi mwilini zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana unaambiwa umeze tena na tena. Hapa hapa Tukuyu kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Mfano wa pili ni kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakizungumza na wawindaji wa vijiji vya Mlima Rungwe walisikia habari za nyani ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote cha sayansi. Wazee walikuwa wanamjua na jina walikuwa nalo. Mwaka 2005 alitangazwa rasmi kwa dunia. Mwaka huo huo kipunji mmoja alinaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, na vipimo vya vinasaba vyake vikaonyesha kwamba anastahili kundi lake mwenyewe. Kundi hilo lilipewa jina la Rungwecebus mwaka 2006. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilipata kipunji 1,117 tu.

Je, atatoka daktari?

Jibu liko kwenye jina kamili la kozi. Lisomeni neno kwa neno kwenye barua ya chuo.

*Udaktari wa binadamu* ni kozi ya miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Hii ndiyo inayotoa daktari.

*Sayansi ya maabara za afya* inatoa mtaalamu wa kupima damu, choo na makohozi. Kabla ya kufanya kazi ni lazima asajiliwe na baraza la wataalamu wa maabara za afya. Fani hii ina ngazi ya stashahada pia, ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne aliyefaulu fizikia, kemia na baiolojia anaweza kuiomba.

*Shahada ya baiolojia* kwa kawaida ni miaka mitatu. Haitoi daktari wala haitoi mpimaji wa hospitali. Mhitimu anaweza kwenda kwenye utafiti wa kilimo, kama unaofanywa TARI Uyole, kwenye hifadhi za misitu na wanyamapori, au viwandani kwenye ukaguzi wa ubora. Akitaka kufundisha shuleni, ataongeza masomo ya ualimu.

Tumewahi kuzungumza na kijana aliyegundua tofauti hii akiwa mwaka wa tatu. Nyumbani walikuwa wameshamwita daktari tangu siku ya kwanza. Alituambia kwamba masomo hayakumsumbua kama alivyosumbuka kumweleza baba yake.

Chuo kidogo kina ubaya?

Udogo peke yake si ubaya. Chuo Kikuu cha Kairuki, kilichoanza 1997 Dar es Salaam, ni kidogo ukilinganisha na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kina hospitali jirani ya kujifunzia. Mwanafunzi wa chuo kidogo anaweza kujulikana na mwalimu kwa jina na kushika hadubini mara nyingi zaidi. Tatizo linakuja pale maabara inapokosa vifaa, au mwalimu mmoja anapobeba masomo mengi.

Kwa hiyo piga simu chuoni, au mtume ndugu aliye karibu, aulize:

- Je, kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU? Orodha iko kwenye tovuti ya tume.
- Wanafunzi wangapi wanatumia hadubini moja?
- Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, na nani analipia?
- Kwa kozi ya afya, je, baraza la taaluma linawasajili wahitimu wake?

Na fedha?

Bodi ya Mikopo, HESLB, hutoa mikopo ya chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Si kila mwombaji hupata, na anayepata anaweza kupewa sehemu tu ya gharama. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, kwa hiyo msisubiri wiki ya mwisho. Pigeni hesabu ya miaka yote ya masomo, siyo mwaka wa kwanza pekee.

Mzazi, kabla ng'ombe hajafika mnadani, keti na mwanao mfungue ile barua. Mwambie akueleze kwa maneno yake mwenyewe atakapomaliza ataitwa nani na atafanya kazi wapi. Akishindwa kueleza, bado kuna swali la kuuliza chuoni, na simu ni rahisi kuliko ng'ombe.