Mtoto Haachi Shule kwa Siku Moja

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa. Kiongozi wa darasa asome pole pole, na penye neno TUSIMAME awape wanafunzi nafasi ya kuzungumza.)

Ninyi mlioketi barazani, ninyi mlio chini ya mti, na ninyi mnaotumia darasa la watoto saa hii ya jioni, shikeni kalamu na madaftari yenu. Juma lililopita mlijifunza kuandika barua fupi. Leo mtaona kazi ya barua ile.

Somo la leo ni juu ya umaskini wa nyumbani na masomo ya watoto. Jambo hili wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Wengine katika ninyi mlikosa shule kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana mmeketi hapa leo. Basi sikilizeni kama watu wenye kujua, na mahali nitakapokosea, nisahihisheni katika mazungumzo yenu.

Swali letu la kwanza ni hili: Mtoto wa nyumba maskini huachaje shule?

Wengi hujibu upesi, "Ada." Jibu hili lilikuwa la kweli kwa miaka mingi. Mwaka 2001 Serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi. Mwaka 2000, kabla ada haijafutwa, watoto walioandikishwa katika shule hizo walikuwa 4,400,000 hivi. Mwaka 2005 walikuwa wamefika 7,500,000 hivi. Tazameni tofauti hiyo. Watoto wale hawakuwa wavivu, wala wazazi wao hawakuwa wajinga. Palikuwa na mlango uliofungwa, na ulipofunguliwa wakaingia. Kisha Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada katika shule za serikali mpaka Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016.

Hata hivyo, nguo za shule, madaftari, kalamu na chakula vilibaki juu ya mzazi. Na bado wako watoto wanaoacha shule ambayo haina ada. Kwa nini?

Tuchukue mfano wa nyumba moja katika nchi kavu ya Dodoma au Singida. Si nyumba ya mtu fulani, ni mfano tu, lakini huenda mkaitambua. Baba na mama wanalima mtama, mahindi na alizeti. Wana watoto wanne, na wa pili ni msichana wa Darasa la Tano. Mvua za huko ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Mavuno ni kati ya Mei na Julai. Sasa fikirini: mwezi wa Januari kihenge kina nini? Chakula cha mwaka jana ki karibu kwisha, na cha mwaka huu kingali majani shambani. Shule nayo hufunguliwa Januari. Mtoto ataka nguo, viatu na madaftari wakati ule ule ambao mzazi hana kitu.

Basi Januari msichana yule anakwenda shule na nguo ya mwaka jana, iliyochanika begani. Viatu hana, ana kandambili. Wenziwe wanamcheka. Jumatatu ya pili hafiki. Februari mama anakwenda kibarua cha kupalilia shamba la mwenye nafasi, ili apate unga, na msichana anabaki nyumbani na mtoto mdogo kwa siku mbili. Akirudi darasani anakuta wenziwe wamekwisha kujifunza hesabu za sehemu, na yeye hazijui. Mwalimu anamwuliza, naye anakaa kimya kwa haya. Machi anakwenda siku tatu tu kwa juma. Aprili anakuja jamaa mmoja kutoka mjini, anasema, "Mtoto huyu hasomi. Nipeni nikamtafutie kazi ya ndani." Baba na mama wanatazamana.

Baadaye watu watasema kwamba mtoto yule aliacha shule mwezi wa Aprili. Si kweli. Alianza kuacha Januari, kwa sababu ya nguo iliyochanika begani. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Januari ungezibwa kwa sindano na uzi. Wa Aprili umekuwa mkubwa.

TUSIMAME. Je, mnamjua mtoto aliyeacha shule kwa namna hii? Kitu cha kwanza kilichomzuia kilikuwa nini?

Sasa tufanye hesabu. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja kila juma atakosa siku 39 hivi kwa mwaka. Andikeni 39. Sasa zidisheni kwa miaka 5. Mmepata ngapi? Ni siku 195. Basi mtoto anayekosa siku moja tu kila juma, katika miaka mitano amepoteza mwaka mzima wa shule, na siku moja zaidi. Naye hakufukuzwa na mtu. Alibaki kushika mtoto, au kuchunga mbuzi siku ya mnada, au kuchota maji. Tukimwambia "baki leo tu," tukumbuke hesabu hii.

Sasa tutazame mambo matatu yanayoanzisha kuacha shule, na la kufanya kwa kila moja.

LA KWANZA: FEDHA ZA JANUARI

Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno, na shule hutaka fedha wakati wa njaa. Dawa yake ni kununua vitu vya Januari mwezi wa Julai. Daftari halina msimu. Likifungwa vizuri mbali na panya na maji, litakaa salama miezi sita. Nguo ya shule ishonwe kubwa kidogo na ikunjwe upindo mpana, ili ifunguliwe mtoto akikua.

Kama huwezi kununua vyote kwa mara moja, weka kidogo kidogo. Tuseme vitu vya mtoto mmoja vyataka shilingi 48,000. Hiyo ni hesabu ya mfano. Bei za dukani kwenu mnazijua wenyewe. Tangu mwanzo wa Julai mpaka katikati ya Desemba ni majuma 24. Gawanyeni 48,000 kwa 24. Ni shilingi 2,000 kwa juma. Kuitoa 2,000 Julai ni taabu ndogo. Kuitafuta 48,000 Januari ni kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa, au kukopa kwa mtu atakayedai gunia wakati wa mavuno.

Wengine hutenga kuku mmoja, wakamwita kuku wa shule. Vifaranga vyake vikikua huuzwa Desemba, karibu na sikukuu, wakati wanunuzi ni wengi. Wengine wamo katika vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la kufuli tatu na watu watatu wenye funguo. Kama kikundi chenu kina mfuko wa kusaidiana kwa misiba, kaeni mzungumze, pengine mfuko huo waweza pia kumnunulia madaftari mtoto wa mwanachama aliyekwama.

LA PILI: TUMBO TUPU

Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula, akatembea mwendo wa saa nzima, hawezi kusikia vema maneno ya mwalimu. Saa nne anasinzia. Mwalimu aweza kudhani ni mvivu, kumbe ana njaa.

Tena tupige hesabu. Kikombe kikubwa cha uji chataka unga gramu 100 hivi. Zidisheni gramu 100 kwa siku 194. Mtapata gramu 19,400, yaani kilo 19 na nusu, kasoro kidogo. Debe moja la mahindi huwa kilo 18 mpaka 20 hivi. Basi debe moja, likitolewa wakati wa mavuno, lakaribia kumpa mtoto mmoja uji wa shule mwaka mzima. Jambo hili ni la kupangwa katika mkutano wa wazazi na kamati ya shule: nani atatunza ghala, nani atapika, kuni na maji vitatoka wapi, na nani ataandika madebe yaliyoingia na yaliyotoka. Kazi hiyo ya kuandika, ninyi mnaosoma sasa mwaweza kuifanya. Daftari la hesabu likiwa wazi, watu hawaoni vigumu kutoa.

Na yule asiye na debe je? Mtoto wake asinyimwe uji mbele ya wenziwe. Mzazi aweza kutoa kuni, au kuja kupika kwa zamu.

LA TATU: MIKONO YA KAZI

Hapa pana ugumu, na tusijidanganye. Nyumba maskini yahitaji kila mkono. Mtoto kusaidia wazazi ni malezi mema, na hakuna anayekataza. Lakini kazi ipangwe ipite kando ya saa za shule. Maji yachotwe jioni. Mbuzi wa nyumba tatu au nne wachungwe pamoja na mtu mzima mmoja kwa zamu, badala ya kila nyumba kumtoa mtoto wake. Akina mama wanaokwenda kibarua wamwache mwenzao mmoja au bibi mmoja na watoto wadogo, nao wamgawie unga. Mkono mmoja haulei mwana.

Tena tazameni ni mtoto gani anayeambiwa abaki. Mara nyingi ni msichana. Kaka yake akiwa na mtihani, yeye hupika. Yeye akiwa na mtihani, nani anapika?

Na kazi ya mjini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14. Msichana wa Darasa la Tano hajaufikia. Tena Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria. Sheria hizi ni njema, ingawa sheria haijazi kihenge. Ndiyo maana majirani nao wana kazi.

TUSIMAME. Katika mtaa wenu, ni kazi gani ya watoto ambayo watu wazima wangeweza kuipokea kwa zamu?

KAZI YA BARUA

Wazazi wengi maskini huogopa kwenda shuleni. Waona haya kwa sababu ya nguo zao, au wanadhani wataulizwa michango. Basi mtoto hakosi nguo tu, akosa na mtu wa kumsemea. Mwalimu haoni ila nafasi tupu katika daftari la mahudhurio, na anaandika kwamba mtoto ni mtoro.

Sasa ninyi mnajua kuandika. Chukueni kalamu, mwandike pamoja nami, pole pole:

"Mwalimu Mkuu, salamu. Mwanangu wa Darasa la Tano hana viatu wala nguo mpya. Nitanunua mwisho wa mwezi, nikiuza kuku. Tafadhali asirudishwe nyumbani. Siku mbili alizokosa alikuwa akimshika mdogo wake. Naomba afundishwe hesabu zilizompita. Mimi, mzazi wake."

Barua hii ni fupi, lakini yaweza kumwokoa mtoto. Mwalimu akijua sababu, aweza kumketisha karibu na mwenzake wa kumsaidia, na kuwakataza wengine kumcheka. Naye mwalimu anayenisikia, nakuomba: mtoto akikosa siku tatu, tuma mtu aulize nyumbani kabla hujamwadhibu.

MSAADA MWINGINE

Umaskini ukizidi nguvu za nyumba, nendeni kwa mwenyekiti au ofisi ya kijiji. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, ulizipa nyumba maskini fedha kwa sharti kwamba watoto wao wa shule wahudhurie si chini ya siku 80 katika kila siku 100 za masomo. Ulizeni ni msaada gani uliopo kwenu sasa, na nani anastahili.

Na mtoto aliyekwisha kuacha asihesabiwe kuwa amepotea. Iko Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA, kwa watoto waliokosa shule au walioiacha. Tangu Novemba 2021 hata msichana aliyekatiza masomo kwa kupata mimba aweza kurudi katika shule ya serikali. Ulizeni kwa mwalimu mkuu au kwa ofisa elimu wa kata.

Ndugu wasikilizaji, yule msichana wa mfano wetu bado yuko nyumbani, na mgeni wa mjini anangoja jibu. Baba na mama wanatazamana. Labda jirani mwenye sindano atabisha hodi. Labda mama atakumbuka barua aliyojifunza kuandika darasani, naye atatafuta karatasi. Jambo hili litaamuliwa kijijini kwenu, wala si hapa redioni.

Somo letu limekwisha. Kwaherini, mpaka juma lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini Januari ni mwezi mgumu kwa nyumba za wakulima? Kwenu mwezi mgumu ni upi?
2. Mtoto anakosa siku mbili kila juma. Kwa mwaka atakosa siku ngapi?
3. Andikeni bei za vitu vya shule vya mtoto mmoja, kisha gawanyeni kwa majuma 24.
4. Kila mmoja ataje mtoto mmoja wa jirani asiyeonekana shuleni siku hizi. Nani atakwenda kuuliza, na siku gani?
5. Andika barua fupi kwa mwalimu wa mwanao au wa mjukuu wako. Ilete juma lijalo.