Mafuta ya kunukia katika mkoba wa mgeni wa misaada: Yafaapo na yasipofaa

KITUO cha biashara cha Adams Arcade, kilichojengwa katika miaka ya 1950 kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, kimezoea wageni. Makundi ya wanafunzi, waumini wa makanisa na madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo hupita hapo kununua maji ya chupa na laini za simu kabla ya kukatiza soko la Toi na kuteremka Kibera, au kabla ya kupanda magari ya kuelekea Kisumu, Homa Bay na kwingineko.

Katika mikoba ya baadhi yao, pamoja na plasta na vidonge vya kuzuia kuharisha, huwamo vichupa vidogo vya kioo cheusi. Ndani yake mna mafuta ya kunukia: lavenda, peremende, mkaratusi, limau, karafuu. Wenye vichupa hivyo huambiwa na wauzaji kwamba matone machache yatafukuza mbu, yatasafisha maji, yatatuliza tumbo na kuponya homa. Baadhi ya madai hayo yana chembe ya ukweli. Mengine yanaweza kumgharimu mtu maisha yake, na mara nyingi anayelipa si mgeni mwenyewe bali mtoto wa mwenyeji wake.

Mafuta haya si kitu kigeni Afrika Mashariki. Hupatikana kwa kuchemsha majani, maua, maganda au mizizi ya mmea na kuupooza mvuke wake hadi mafuta yajitenge na maji. Huko Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo kimekuwa kikikamua mafuta kutokana na vikonyo na majani ya mkarafuu. Kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima cha Muliru kilishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE chenye makao yake Kasarani, Nairobi, kupanda mmea wa jamii ya kivumbasi, kukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kazi hiyo ilikipatia kikundi Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Kwa hiyo mgeni anayevuka bahari na kichupa cha mchaichai huenda anauleta ulipo tayari uani kwa mwenyeji wake.

Matumizi yanayokubalika ni ya kiasi. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kemikali inayotia ganzi, ndiyo maana madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Tone moja kwenye pamba humpunguzia maumivu mtu anayesubiri kung'olewa jino, ingawa likipakwa bila kuchanganywa huunguza ufizi. Harufu ya peremende humburudisha msafiri anayechafukwa na moyo ndani ya gari, japo ushahidi wa kitabibu juu ya jambo hilo bado ni hafifu. Kuchua misuli baada ya kutwa nzima ya kubeba mawe ya ujenzi hakuna ubaya, mradi mafuta yazimuliwe: matone mawili katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ufuta yanatosha. Mafuta ya limau na ndimu yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda yasipakwe ngozini kabla ya kutoka nje. Yakipigwa na jua huacha malengelenge na madoa meusi, na jua la Nairobi, karibu na Ikweta na juu mlimani, ni kali kuliko baridi yake ya asubuhi inavyodokeza.

Suala zito ni mbu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hatari ya kuambukizwa malaria jijini ni ndogo. Hali hiyo huwalaghai wageni. Hukaa wiki nzima katika nyumba za wageni za Barabara ya Ngong bila kuumwa na chochote, wakaamini kwamba mafuta yao ndiyo yaliyowakinga, kisha wakasafiri siku moja tu hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku.

Si kwamba mimea haifukuzi mbu. Wazee wa maeneo hayo ya ziwa wamekuwa wakichoma au kupasha moto majani ya kivumbasi tangu zamani, na watafiti waliofanya majaribio magharibi mwa Kenya walichapisha matokeo mwaka 2002 yaliyowaunga mkono. Majani ya mkaratusi wenye harufu ya limau yalipopashwa moto yalipunguza mbu wa malaria kwa karibu robo tatu, na vivumbasi kwa karibu nusu. Hayo ni mafanikio makubwa kwa majani yasiyonunuliwa. Lakini robo iliyobaki ni mbu wanaouma, na mbu mmoja tu mwenye vimelea anatosha.

Mafuta yenyewe yakipakwa mwilini yana kasoro nyingine: huyeyuka upesi. Mchaichai unaweza kumkinga mtu kwa muda mfupi, pengine usiofika saa mbili, ilhali mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mamlaka za afya za Marekani huorodhesha dawa ya kufukuza mbu inayotokana na mkaratusi huohuo wa limau, lakini hiyo ni dawa iliyosindikwa ili iwe na kemikali iitwayo PMD kwa wingi, na haipakwi watoto walio chini ya miaka mitatu. Mafuta ghafi yanayouzwa kwenye vichupa vya kunusia si kitu kilekile, hata kama picha ya jani ni moja. Msafiri anayekwenda ziwani au Pwani anahitaji chandarua chenye dawa, nguo za mikono mirefu jioni, dawa ya kupaka yenye DEET au PMD, na vidonge vya kinga kama doksisaiklini au meflokwini kwa ushauri wa daktari. Vidonge hivyo huendelea kumezwa kwa wiki nne baada ya kuondoka kwenye eneo la malaria. Homa inaweza kuanza siku saba tu baada ya kuumwa, au majuma mengi baadaye mgeni akiwa amesharudi kwao, ambako daktari huenda asiikumbuke malaria asipoambiwa.

Madai ya wauzaji yamewahi kuvuka mpaka wa uvumilivu. Mnamo Septemba 2014, Ebola ilipokuwa ikiua maelfu Liberia, Sierra Leone na Guinea, Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni mbili kubwa za mafuta hayo, Young Living na doTERRA, kwa sababu mawakala wao walikuwa wakiyatangaza kama tiba ya magonjwa ikiwemo Ebola. Hakuna mafuta ya kunukia yanayotibu Ebola. Hakuna yanayotibu malaria wala kipindupindu pia.

Wala hayasafishi maji. Mafuta na maji havichanganyiki. Tone la limau huelea juu, nalo likikaa katika chupa ya plastiki laweza kuila plastiki yenyewe. Kuchemsha kunatosha, hata Nairobi ambako maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko, au klorini ya kutibu maji inayouzwa madukani kwa bei nafuu.

Likija suala la watoto, tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi. Wageni wengi hutembelea shule na makao ya mayatima Kibera, nao kwa nia njema humpaka mtoto mwenye mafua mafuta ya mkaratusi au peremende kifuani na chini ya pua. Kwa mtoto mchanga, mvuke huo unaweza kuzibana njia za hewa badala ya kuzifungua. Mwenye pumu anaweza kushikwa papo hapo, na katika chumba kimoja cha mabati chenye moshi wa jiko si rahisi kujua nani ana pumu. Kujifukiza kwa maji ya moto, mtindo uliovuma Tanzania mwaka 2020 wakati wa korona kwa jina la nyungu, kumewaunguza watoto wengi kwa maji yaliyomwagika.

Kubwa kuliko yote ni kichupa kinachoachwa. Wageni wanapofunga mizigo hugawa vilivyobaki, na chupa ya mililita 15 yenye harufu ya peremende humvutia mtoto kama peremende yenyewe. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumpotezea mtoto fahamu, na kafuri iliyo katika baadhi ya mafuta huleta degedege ndani ya dakika chache. Kama ilivyo kwa mafuta ya taa, aliyekunywa hatapishwi, kwa kuwa mafuta yakiingia mapafuni madhara huongezeka. Apelekwe hospitali mara moja, Mbagathi ikiwa ndiyo iliyo karibu, na chupa ichukuliwe ili daktari aione.

Sheria nayo inahusika. Mganga wa kigeni hawezi kuwatibu watu nchini, hata kwa siku moja chini ya hema, bila leseni ya muda ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na dawa za msaada huhitaji kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, inataka kila dawa iwe imeombwa na anayeipokea, iandikwe kwa lugha anayoielewa mhudumu wa afya, na iwe imebakiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika. Kichupa kilichofunguliwa, chenye maandishi ya Kijerumani au Kikorea na kisicho na tarehe, hakitimizi hata sharti moja kati ya hayo. Mgeni anayekimaliza kabla ya kuondoka, au anayerudi nacho ndani ya begi lake, hajamnyima mwenyeji wake kitu.