Je, Wajua? Mchanga Mweusi wa Kwale

Je, wajua kwamba mgodi uliokuwa mkubwa kuliko yote nchini Kenya haukuwa wa dhahabu, wala hakuna aliyeshuka chini ya ardhi kuufanyia kazi? Ulikuwa Maumba na Nguluku, Kaunti ya Kwale, kwenye vilima vya mchanga kilomita 10 hivi kutoka baharini.

Kakamega ya miaka ya 1930 ilivuta wachimbaji kwa dhahabu. Kwale hazina ilikuwa punje nzito, nyingi zikiwa nyeusi, zilizochanganyika na mchanga wa kawaida: ilmenaiti na rutaili zenye titani, pamoja na zirkoni. Mwaka 1791, kasisi William Gregor wa Cornwall, Uingereza, alizivuta punje nyeusi za namna hiyo kwa sumaku, na ndani yake akagundua metali mpya, ambayo ndiyo titani. Kwale nako sumaku ilitumika. Mchanga ulichanganywa na maji, ukapitishwa kwenye mifereji ya mzunguko ili punje nzito zijitenge, kisha sumaku na umeme vikatenganisha madini. Kwa ajili ya maji hayo lilijengwa bwawa kwenye mto Mukurumudzi.

Wengi wakisikia titani hufikiria ndege. Kumbe sehemu kubwa ya madini haya hugeuzwa unga mweupe wa kutengenezea rangi za kuta, karatasi na plastiki. Zirkoni nayo huingia kwenye vigae vya sakafu.

Kampuni ya Tiomin ya Kanada ndiyo iliyoanza kuufuatilia mchanga huu miaka ya 1990. Mwaka 2010 mradi ukachukuliwa na Base ya Australia, na Februari 2014 meli ya kwanza ikapakia madini Likoni, Mombasa. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma, kwa kuwa mchanga wenye faida ulikwisha.

Lakini kwangu mimi, historia ya mgodi huu ni ya watu waliohamishwa kuupisha. Waliacha minazi, mikorosho na michungwa, na wengine wakapelekwa eneo la Bwiti. Mnazi hulipiwa fidia mara moja, ilhali ungemlisha mwenyewe, wanawe na wajukuu. Sheria ya Madini ya 2016 imegawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi penye mgodi. Hiyo 10 wenyeji waliidai miaka mingi, huku meli zikiendelea kupakia Likoni.