Herufi ya 3243

MELAS, ugonjwa wa mitokondria unaodhuru ubongo na misuli, mara nyingi huanzia kwenye herufi moja ya DNA. Mitokondria, mitambo midogo inayoipatia seli sehemu kubwa ya nishati yake, ina DNA yake yenyewe nje ya kiini: duara la herufi 16,569 lenye jeni 37. Mwaka 1990 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa MELAS wana G badala ya A katika nafasi ya 3243.

Jeni iliyoguswa haitoi protini. Hutoa RNA ndogo inayobeba asidi amino iitwayo lusini hadi kwenye ribosomu, protini zinakoungwa. Herufi ikigeuka, RNA hiyo hukosa nyongeza ya taurini inayoiwezesha kusoma sawasawa neno la UUG. Protini ya ND6, yenye UUG kwa wingi, huumia kuliko nyingine; nayo ni kipande cha mlango wa kwanza ambamo elektroni huingia katika mnyororo wa upumuaji. Elektroni zikikwama mlangoni, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hupungua. Elektroni nyingine huponyoka, hukutana na oksijeni, na kuzaa molekuli kali zinazounguza utando wa mitokondria.

Seli hugeukia njia ya dharura: kuvunja glukosi bila oksijeni, ATP 2 tu badala ya takriban 30. Asidi ya laktiki hurundikana. Ubongo na misuli, visivyovumilia njaa ya nishati, hutangulia kudhurika. Kijana hupatwa na degedege na kiharusi ambacho eneo lake halifuati njia ya mshipa wowote mmoja. Kipande cha msuli kikipakwa rangi ya Gomori, hadubini huonyesha nyuzi zenye kingo nyekundu zilizochakaa: mitokondria mbovu zimezaana kuziba pengo.

Lakini seli moja ina mamia au maelfu ya nakala za DNA hii, nzima na mbovu pamoja. Madhara hujitokeza nakala mbovu zikivuka kiwango fulani, mara nyingi kati ya asilimia 60 na 90. Mtoto hurithi mchanganyiko huo kwa mama, kupitia yai, na kila yai hupata fungu lake. Ndiyo maana dada anaweza kuishia na kisukari na uziwi, na mdogo wake akapata kiharusi. Mama hana hatia yoyote: mgawanyo huo huanza yeye mwenyewe angali tumboni mwa mama yake.

Katika damu, nakala mbovu hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo kipimo cha damu cha mtu mzima chaweza kupotosha. Seli zinazopatikana kwenye mkojo huaminika zaidi.