Gari Kuukuu la Turubai na Jinsi ya Kulitunza Nyumbani

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitunze kidumu. Ndugu msomaji, mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu, na jioni nyingi nikitoka shule huvua sare, nikaosha vyombo, kisha nikaingia chini ya gari. Naam, chini ya gari! Wenzangu darasani wamenicheka mpaka wakachoka, wakanibandika jina la "Makanika". Hapo mwanzo nilikuwa nikinuna. Siku hizi wakiniita naitika. Basi mlezi wa chama chetu aliposema tuandike makala ya kueleza jambo tunalolijua kwa mikono yetu, sikuumiza kichwa.

Gari lenyewe ni la babu yangu. Ni Suzuki SJ410, aina iliyoanza kuundwa nchini Japani mwaka wa 1981. Ni gari dogo lenye injini ya silinda nne na ujazo wa sentimita 970, yaani haifiki hata lita moja. Babu alilinunua mwaka wa 1993 kutoka kwa hoteli moja ya ufuoni iliyokuwa ikilitumia kupeleka wageni matembezini. Halina paa la bati. Juu lina turubai lililotandazwa kwenye vyuma vilivyopinda, likafungwa kwa vishikizo na kamba. Ukitaka upepo, unalifungua na kulikunja. Mvua ikija, unalifunga mbio mbio huku umelowa.

Sisi twaishi si mbali na Takaungu, pwani ya Kilifi. Gari hilo ndilo linalobeba nazi za babu hadi sokoni, na ndilo linalompeleka bibi kliniki Kilifi mara mbili kwa mwezi, maana miguu yake haimwezeshi kupanda matatu. Lakini baba mdogo alikuwa kila akija anasema, "Baba, uza hicho chuma chakavu kwa kilo. Kinakula pesa tu." Babu alikuwa akinyamaza. Mimi nilikuwa nikiumia moyoni, na ndiyo maana nikaanza kujifunza.

TURUBAI

Adui wa turubai ni watatu: jua, uchafu na unyevu. Jua hukausha nyuzi zikakatika. Uchafu ukikaa kwenye mikunjo husaga kitambaa kama msasa. Unyevu nao huleta ukungu, yale madoa meusi yanayonuka.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni hii: usikunje turubai likiwa bichi. Liache wazi likauke kwanza, hata kama una haraka. Ukilifua, tumia maji mengi, sabuni kidogo na brashi laini. Usitumie petroli wala dawa ya madoa ya nguo nyeupe, kwani huchoma kitambaa na kuharibu mishono. Madirisha yake ni ya plastiki, si kioo. Yafute kwa kitambaa laini chenye maji, wala usiyafute yakiwa na vumbi kavu, yatakwaruzika na babu yako hataona nyuma.

Likitatuka, shona mapema. Babu alijifunza kushona matanga ujanani, naye ndiye aliyenifundisha kushika sindano ya tanga. Uzi wa pamba huoza upesi kwa maji. Tunatumia uzi wa polista, tunashona mara mbili, kisha tunapaka nta ya mshumaa juu ya mshono ili kuziba matundu ya sindano. Kiraka kikatwe pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndizo zinazoanza kung'oka.

KUTU

Huku kwetu pwani kutu ni jirani asiyebishwa hodi. Mwalimu wa Kemia alitufundisha kwamba chuma hushika kutu panapokuwa na maji na hewa ya oksijeni kwa pamoja. Chumvi huongeza kasi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya chuma. Gari la turubai lina shida zaidi kwa sababu maji huingia ndani na kutuama chini ya zulia, mahali usipopaona.

Sisi tulitoa mazulia yote. Tulipoinua la dereva, lo! Ungeweza kuiona ardhi. Hapo tulihitaji fundi wa kuchomelea akate bati bovu na kuweka jipya. Madoa madogo tuliyatengeneza wenyewe: unakwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, unasugua kwa msasa, unapangusa vumbi, unapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikikauka ndipo unapaka rangi ya gari. Ukipaka rangi juu ya kutu umejidanganya mwenyewe. Itaendelea kula chini kwa chini.

Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutoa maji. Watu wengi hawavijui. Vikizibwa na mchanga, mlango unageuka mtungi. Mimi huvizibua kwa kijiti kila mwezi. Pia kila gari likitoka kwenye njia ya ufuoni tunalimwagia maji ya kisima kwa chini ili kutoa chumvi.

Jambo moja zuri la gari letu ni kwamba lina fremu nene ya chuma chini, na bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Nguvu yote iko katika fremu. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana fremu hiyo. Bodi na paa ndivyo vinavyolifanya gari liwe imara. Ndiyo maana kiwanda kikitaka kuunda gari la namna hiyo bila paa, hulazimika kuongeza vyuma sakafuni, la sivyo gari litapinda. Kwa hivyo, msomaji, usije ukachukua msumeno ukakata paa la gari la mjomba wako!

INJINI

Injini ya zamani haina kompyuta. Ina kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, na ina pointi za kukata na kuunganisha umeme ili plagi zitoe cheche. Gari likigoma kuwaka, uliza maswali mawili: petroli inafika? Cheche iko?

Pointi hulika. Zikishikana au zikiachana sana, injini inakohoa na kukosa nguvu. Nafasi yake hupimwa kwa geji ya vibamba, na ya kwetu tunaiweka kati ya milimita 0.4 na 0.5. Kwanza nilidhani babu anatania. Nusu ya milimita ina maana gani? Siku nilipoirekebisha mwenyewe gari likawaka kwa mara moja, nikaelewa kwa nini mwalimu wa Hisabati hukasirika tukisahau nukta.

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, changanya magadi ya kupikia na maji ya moto, uvisugue kwa mswaki wa zamani, uvikaushe na kuvipaka grisi. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukianza na wa chanya na spana ikagusa bodi, utaona moto usioutarajia.

Vipuri si haba. Nchini India kulianza kuundwa Maruti Gypsy mwaka wa 1985, ambalo ni ndugu wa gari letu, na vipuri vyake vingi huingia. Muhimu ni kwenda dukani na kile kibovu mkononi, ukilinganishe kabla ya kutoa pesa.

BREKI, NA KOSA LANGU

Hapa sasa nawaomba mnisikilize vizuri.

Unapokanyaga pedeli, unasukuma mafuta ya breki yaliyomo katika silinda kubwa. Mafuta hayo hupita kwenye mabomba hadi silinda ndogo za magurudumu, nazo husukuma breki shuu zibane ngoma. Ndani ya silinda hizo mna vikombe vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje. Mipira hiyo imeundwa kustahimili mafuta ya breki, si mafuta mengine yoyote.

Jioni moja nilifungua boneti nikaona mafuta ya breki yamepungua. Babu alikuwa amelala. Nikachukua chupa ya soda iliyokuwa rafuni, isiyo na maandishi, ndani mna mafuta masafi ya rangi ya asali. Nikajaza, nikafunga. Usiku nikiwa kitandani nikakumbuka kwamba chupa ile ndiyo babu aliyowekea mafuta ya injini yaliyobaki. Moyo ulinienda mbio. Nikajiambia ni kidogo tu, hakitadhuru kitu. Asubuhi nikaondoka kwenda shule, nisiseme neno. Niliogopa kwamba baba mdogo akisikia, gari litauzwa siku hiyo hiyo.

Siku mbili baadaye babu alimpeleka bibi kliniki. Kabla hawajafika daraja la Kilifi alisikia gari zito, kama linalovutwa kutoka nyuma, kisha harufu ya kuungua. Alipokanyaga pedeli ikawa ngumu ajabu. Akaegesha pembeni. Ngoma za magurudumu zilikuwa za moto, zinatoa moshi. Mafuta ya injini yalikuwa yamevimbisha mipira, na mpira wa silinda kubwa ukaziba kitundu ambacho mafuta hurudia yakitoka kwenye magurudumu. Kwa hivyo breki zilibana zisiachilie. Zikipata moto namna hiyo hazishiki tena, na kama wangekuwa kwenye mteremko wenye malori, sijui ningeandika nini leo.

Walirudi jioni wakivutwa kwa kamba. Nilimwona bibi akishushwa, ameshika mkongojo, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi. Baba mdogo alikuwapo, anapiga simu kwa mnunuzi wa vyuma. Nikasema, "Babu, ni mimi." Nikaeleza yote, hata habari ya kukumbuka usiku na kunyamaza.

Babu hakunipiga wala kunifokea. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kukosea chupa ni kutojua. Kunyamaza hukukosea, ulichagua." Nililia kuliko ambavyo ningelia kwa viboko.

Bibi ndiye aliyemwambia baba mdogo akate simu.

Ukarabati ulituchukua Jumamosi tatu. Mafuta yakishaingia mahali pasipo pake, kuyamwaga tu hakutoshi. Tulitoa mafuta yote, tukasafisha mabomba ya chuma kwa spiriti, tukabadilisha mipira yote ya silinda kubwa na ya magurudumu manne, pamoja na hosi za mpira. Akiba yangu ya kuuza mahamri iliishia hapo, na babu aliongeza kwa pesa za nazi.

Kisha tukatoa hewa. Hewa hubinywa lakini mafuta hayabinyiki, ndiyo sababu hewa ikiwamo pedeli huwa laini kama sifongo. Mmoja anakanyaga pedeli na kuishikilia, mwingine analegeza nati ya kutolea hewa, mafuta yanatoka na mapovu, anakaza, ndipo wa kwanza anaachilia. Mnarudia mpaka mapovu yaishe, mkianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na silinda kubwa na kumalizia la mbele lililo karibu. Chupa ya juu isikauke, la sivyo mtaanza upya. Mkanyagaji wetu alikuwa baba mdogo! Alikuja mwenyewe Jumamosi ya tatu, amevaa nguo za kazi, akasema tu, "Haya, niambie nikanyage lini."

Mwishowe babu alimwita fundi mwenye ujuzi aikague kazi yetu kabla gari halijatoka uani. Nawe ufanye hivyo. Turubai likivuja utalowa, lakini breki zikikosa utazikwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo imara, uzuie magurudumu, kisha ulitikise ujaribu. Usitumie matofali ya simiti kwa kuwa hupasuka ghafla. Pili, usipulize vumbi la breki kwa mdomo, maana breki shuu za zamani zilikuwa na asbesto inayodhuru mapafu. Lilowanishe kwa maji ulipanguse. Tatu, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, kwa hivyo yabadilishe kila baada ya miaka miwili na chupa ifungwe. Nne, kila chupa iandikwe jina. Siku hizi rafu yetu inasomeka kama maktaba.

Tano ndilo kubwa. Ukijua kuna kosa, sema kabla gari halijaondoka.

Juzi bibi alienda kliniki na turubai limefunguliwa, kwa sababu alisema anataka upepo. Alirudi salama akaniletea andazi. Nami nakomea hapo, kwani jioni imeingia na kuna kitundu cha mlango kinachonisubiri.