Ramani Nayo Ina Isnadi: Maktaba na Historia ya Bonde la Kilombero

Wanazuoni wetu wa Hadith waliweka kanuni kwamba khabari haipokelewi kwa sababu imeandikwa tu. Kwanza huulizwa: nani kaileta? Kaipokea kwa nani? Je, ni mwadilifu na mwenye hifadhi nzuri? Ndugu msomaji, ramani nayo ni khabari. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitafutia isnadi yake, na nafasi ya maktaba za vyuo vikuu katika kazi hiyo.

Elimu isiyo ngeni kwetu

Katika karne ya 9, al-Khwarizmi aliandika kitabu cha latitudo na longitudo za miji. Al-Biruni alikokotoa kibla ya Ghazna katika karne ya 11, naye al-Idrisi akakamilisha kitabu chake cha ramani ya dunia mwaka 1154 huko Sicily. Imamu wa Ifakara akifuata hesabu hizo leo, ataona kibla yake iko kiasi cha nyuzi 6 mashariki ya kaskazini halisi.

Mahali panapohama

Anayeandika historia ya misikiti, vyuo vya Qur'ani na makaburi ya Kilombero hukutana na majina ya mahali katika simulizi za wazee, barua na ripoti za wakoloni. Tatizo ni kwamba mahali penyewe pamehama. Mto uliopo leo kwa jina la Kilombero, Wajerumani waliuandika Ulanga. Vita vya Maji Maji vya 1905-1907, ambamo boma la Mahenge lilishambuliwa tarehe 30 Agosti 1905, vilitawanya watu wengi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza iliwahamisha wakazi wa Ulanga kwa sababu ya malale. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970-1975, na operesheni ya vijiji ya 1973-1976.

Katika mihamo ya namna hii, watu huweza kwenda na jina la kijiji chao, au wakaliacha nyuma. Basi atakayesoma khabari ya msikiti wa kijiji fulani zama za Wajerumani, kisha akaenda kwenye kijiji chenye jina hilo leo, huenda akasimama mahali pasipo penyewe.

Kazi ya maktaba

Mwaka 2006, maktaba ya Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, ilianzisha kitengo kiitwacho Scholars' Lab. Humo watafiti wa historia, fasihi na dini husaidiwa kutumia ramani na kompyuta. Kazi yenyewe ina hatua tatu. Kwanza, ramani ya zamani hupigwa picha. Pili, alama zisizohama, kama vilele vya milima na makutano ya mito, hulinganishwa na ramani ya sasa ili ile ya zamani ilale juu yake. Tatu, kila jina huandikwa katika fahirisi pamoja na chanzo chake. Programu ya QGIS hufanya hatua ya pili na ya tatu bila malipo.

Hapa nchini, mtafiti huanzia mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vitabu vya wilaya vilivyomo katika Nyaraka za Taifa. Katika afya, Ifakara yenyewe imekwishatangulia: tangu 1996, watafiti wake wanaandikisha kaya za vijiji vya bondeni na kufuatilia uzazi, vifo na uhamaji. Wanahistoria wetu wana mfano karibu yao.

Je, ramani ni ushahidi?

Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Ali (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, ametaja laana kwa mwenye kubadilisha alama za ardhi. Kwa hiyo ardhi ya wakfu au ya makaburi haitolewi hukumu kwa kukisia. Ibn al-Qayyim, katika al-Turuq al-Hukmiyya, aliipanua maana ya bayyina iwe kila kinachoibainisha haki. Kwa mtazamo huo ramani husikilizwa, lakini kwa kadiri ya nguvu yake. Ramani kubwa ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichorwa kwa kipimo cha 1:300,000. Yaani milimita 1 ya karatasi ni mita 300 za ardhi. Ramani hiyo yaweza kuonyesha kwamba kijiji kilikuwepo, lakini haiwezi kuamua mpaka wa kiwanja cha msikiti. Na mchoraji aliyepita mara moja kwa msafara, akauliza jina kwa mkalimani, hana uzito wa mzee aliyezaliwa hapo.

Nasaha kwa maimamu

Kila msikiti wa zamani na andikie yafuatayo: jina la sasa na la zamani, latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, jina la mzee aliyesimulia na aliyemsimulia yeye, na tarehe ya mazungumzo. Mwishoni iandikwe daraja: yakini, dhana au shaka. Nakala moja ibaki msikitini, na nyingine ipelekwe maktaba ya chuo, kama vile Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza 2005. Wazee wanatutoka kila mwaka, na msimulizi akiondoka kabla ya kuandikwa, isnadi hukatika. Hakuna kompyuta itakayoiunga.

Wallahu a'lam.