Shingo inapochakaa, tiba ipi itakufaa?

Ikiwa umepita miaka 40 na kila uamkapo shingo imekaza, hata ukitaka kutazama nyuma ni lazima ugeuke pamoja na mabega, huenda viungo vya shingo yako vimeanza kulika. Usiingiwe na hofu. Shingo ina pingili 7, na kati ya nyingi kuna diski laini zinazozuia mifupa kusuguana. Miaka ikisonga diski hizo hukauka, na vijifupa huota kandokando. Watu wengi waliopita miaka 60 wakipigwa eksirei hali hii huonekana, hata wale ambao hawajawahi kuumwa na shingo. Ndiyo maana daktari hutibu mgonjwa, si picha.

Wengi hukimbilia vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki. Vinapunguza maumivu, lakini vyaweza kuchoma tumbo, kupandisha presha na kudhuru figo. Vimeze baada ya chakula, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo asivinunue kabla ya kumwona daktari. Na zile sindano za diklofenaki ambazo watu huchomwa kila wiki mtaani haziponyi shingo. Dawa ni ile ile ya vidonge.

Kinachosaidia zaidi ni mazoezi, jambo ambalo wagonjwa wangu hawapendi kulisikia. Keti wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, hesabu hadi 5, kisha achia. Fanya hivyo mara 10, asubuhi na jioni. Geuza pia kichwa polepole kulia na kushoto. Kitambaa cha maji moto hulegeza misuli, na mto mmoja usio mnene sana watosha. Kola ya shingo, ukipewa, usiivae zaidi ya siku chache, maana misuli isiyofanya kazi hudhoofika.

Maumivu yakishuka mkononi, pamoja na ganzi, mshipa wa fahamu umebanwa. Hata hapo wengi hupata nafuu baada ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Daktari aweza kukuongezea dawa ya kutuliza mishipa hiyo. Lakini usikubali mkandaji akushike kichwa na kukizungusha ghafla hadi shingo ilie.

Kuna hali moja isiyongoja. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu fundi wa nguo kwa vidonge, nikamwambia arudi baada ya mwezi. Aliporudi alinieleza, kama mtu anayesimulia mzaha, kwamba siku hizi ni mkewe anayemtungia uzi kwenye sindano. Nilimwomba atembee kutoka mlangoni hadi mezani, akayumba. Vijifupa vilikuwa vinabana uti wenyewe wa fahamu unaopita ndani ya pingili. Nakiri kwamba siku ile ya kwanza sikumuuliza habari za vidole, wala sikumtembeza.

Alipasuliwa mbele ya shingo, diski na vijifupa vikaondolewa, pingili zikaunganishwa. Miguu ilipata nguvu, ila vidole havikurudi vyote. Upasuaji huu lengo lake kuu ni kuzuia hali isizidi. Kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi, kwa hiyo kila mwezi unaopotea una gharama yake.

Basi ukishindwa kufunga vifungo vya shati, mwandiko ukibadilika au miguu ikikakamaa, nenda hospitali bila kuchelewa, hata kama shingo yenyewe haiumi. Mkojo ukianza kukutoka bila habari, nenda siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo shingo ikiuma baada ya ajali. Na maumivu yakiandamana na homa, jasho la usiku au kukonda, mwone daktari upesi, kwani huenda ni kifua kikuu cha mifupa au saratani, na hayo hayatibiwi kwa mazoezi.